Uso Safi Hauhitaji Pakiti

Vitambaa vyenye unyevu, ambavyo wauzaji huviita waipsi, vimekwisha kuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vipodozi na vituo vya mabasi vya Korogwe na Handeni. Abiria wa barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha hujifutia vumbi na jasho. Kina mama hutia pakiti moja katika mkoba wa mtoto wanapokwenda kliniki. Wasichana huvitumia asubuhi na jioni, wakiamini kwamba huondoa chunusi kuliko maji na sabuni. Hivyo, kitu kilichokuwa cha safari kimeanza kuchukua nafasi ya beseni la nyumbani.

Vitambaa hivyo vina mahali pake, lakini mahali hapo si pa kila siku. Uso wa kila siku wahitaji maji kidogo, sabuni isiyo kali na kitambaa cha pamba kilicho safi, kinachotumiwa na mtu mmoja. Na mhudumu wa afya anayeletewa uso wenye vipele visivyopona hana budi kuuliza swali moja kabla ya kuandika dawa: uso huu husafishwa kwa kitu gani?

Asili ya vitambaa hivi yaeleza mengi. Vilibuniwa nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na mtu aitwaye Arthur Julius, na kufikia mwaka 1963 vilikuwa vikigawiwa katika migahawa ya Kentucky Fried Chicken ili walaji wa kuku wa kukaanga wajifute mafuta mikononi. Yaani vilikusudiwa mikono ya mtu aliye mbali na bomba. Baadaye vikatengenezwa vya watoto wachanga, kisha vya kuondoa vipodozi, na hatimaye vikauzwa kama njia ya kutunza ngozi ya uso kila siku. Matumizi yalipanuka, lakini dhana ya msingi ni ileile: kusafisha bila kusuuza.

Dhana hiyo ndiyo chanzo cha tatizo. Kitambaa chenyewe hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki, nyuzi zitokanazo na miti, au mchanganyiko wa hizo. Hulowekwa katika maji yaliyotiwa viambato vya kulegeza mafuta, mara nyingi manukato, na vihifadhi. Vihifadhi havikuwekwa kwa ubaya. Maji yaliyofungiwa ndani ya pakiti kwa miezi mingi yangeota ukungu na kuzalisha bakteria. Lakini mtu anapojifuta na kuendelea na shughuli zake, viambato hivyo hubaki usoni. Sabuni huoshwa kwa maji ikaondoka. Kilichomo katika kitambaa hukauka juu ya ngozi, na jioni kikaongezwa kingine.

Ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya viganja, na ile ya kope ni nyembamba zaidi. Juu yake kuna utando wa mafuta wenye uchachu kidogo, ambao huzuia maji ya mwili yasipotee na vijidudu visipenye. Mtu anayejisugua mara nne au tano kwa siku huuondoa utando huo kabla haujarejea. Ngozi hukauka, huwasha, kisha huwa nyepesi kudhurika na kitu ambacho hapo awali kisingeidhuru. Mwenye pumu ya ngozi huumia mapema zaidi. Mwenye chunusi naye hapati nafuu anayoitarajia, kwa maana chunusi haitokani na uchafu wa juu. Chanzo chake ni vitundu vya ngozi kuziba kwa mafuta na seli zilizokufa, pamoja na athari za homoni na bakteria waliomo ndani ya vitundu hivyo. Msuguano huichokoza tu.

Miongoni mwa vihifadhi, kimoja kinastahili kutajwa kwa jina, kwa sababu msomaji anaweza kukitafuta mwenyewe kwenye pakiti. Huandikwa Methylisothiazolinone. Kiambato hiki kilienea sana katika vipodozi tangu miaka ya 2000, na madaktari wa ngozi wa Ulaya na Marekani wakaanza kuona wagonjwa wengi wenye mzio wake. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa ngozi kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliamua kukipiga marufuku katika vipodozi vyote vinavyoachwa juu ya ngozi bila kuoshwa, na vitambaa vyenye unyevu vikiwamo.

Mwaka 2014 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha taarifa ya watoto 6 waliopata mzio wa kiambato hicho kutokana na vitambaa vya kufutia. Baadhi yao walikuwa wametibiwa kwa muda mrefu kama wagonjwa wa pumu ya ngozi, wa vipele vya usaha, au wa maradhi mengine ya ngozi, bila mafanikio. Vipele vyao vilitoweka vitambaa vilipoachwa. Funzo la taarifa hiyo haliko mbali na zahanati ya Mkata au ya Mombo. Mtoto mwenye wekundu na magamba kuzunguka mdomo hupewa dawa ya fangasi, kisha ya bakteria, kisha krimu yenye steroidi, huku mama akiendelea kumfuta kwa kitambaa kilekile baada ya kila mlo. Dawa hulaumiwa kwa kushindwa, ilhali hakuna dawa inayoweza kuushinda mzio ambao chanzo chake kinarudishwa mara tatu kwa siku.

Kwa ngozi nyeusi, madhara hayaishii kwenye kuwasha. Kila palipowaka au kusuguliwa kwa muda huacha doa jeusi ambalo hudumu kwa miezi mingi. Doa hilo si ugonjwa. Ni rangi iliyomwagika zaidi mahali palipojeruhiwa, na hufifia lenyewe chanzo kikiondolewa. Lakini si wote wanaoijua subira hiyo. Wengi hukimbilia krimu za kung'arisha, na kutoka hapo safari ya kuufikia mkorogo ni fupi. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali, ambazo mamlaka za Tanzania zilikwisha kupiga marufuku katika vipodozi, huifanya ngozi kuwa nyembamba, kuota chunusi za aina nyingine na kutanda madoa mabaya kuliko yale ya mwanzo. Zebaki huweza kupenya mwilini na kudhuru figo. Hivyo ndivyo tabia inayoonekana kuwa ya usafi, isipokuwa na mwongozo, inavyoweza kumfikisha mtu kwenye madhara makubwa kwa hatua ndogondogo.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nalo ni la maji. Handeni ni wilaya iliyoijua shida ya maji kwa vizazi. Vijiji vingi vimetegemea malambo ambayo hupungua na kuchafuka kiangazi kinapokaza. Mradi ujulikanao kwa jina la HTM, uliojengwa tangu miaka ya 1970, huchota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kuelekea Handeni. Lakini mitambo ilichakaa na idadi ya watu ikaongezeka. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India, umezijumuisha Handeni na Korogwe pamoja na Muheza na Pangani. Mama aliyeibeba ndoo kichwani kwa mwendo wa saa nzima ana haki ya kuuliza: maji haya ni ya kupikia, ya kunywa, au ya kuoshea nyuso?

Jibu lilikwisha kupatikana hapahapa Tanzania. Katika Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ambako nako maji yalikuwa ya taabu na ugonjwa wa trakoma, au vikope, ulikuwa ukiwapofusha watu, watafiti waligundua kwamba wazazi waliamini kuosha uso wa mtoto kunahitaji maji mengi sana. Yalipopimwa na kutumiwa mbele ya wanakijiji, ilionekana kwamba lita moja huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani. Kilichokuwa kikizuia kuosha uso hakikuwa uhaba wa maji peke yake, bali pia makadirio yasiyo sahihi. Utafiti uliofuata, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995, ulilinganisha jozi tatu za vijiji vya Kongwa. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho. Nusu yake vikapewa pia kampeni ya nguvu ya kuosha uso. Watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata trakoma kali. Leo usafi wa uso ni mojawapo ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza trakoma, sambamba na upasuaji wa kope, dawa na uboreshaji wa mazingira.

Hesabu ya nyumbani yathibitisha jambo hilo. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia kikombe cha mililita 250 asubuhi na kingine jioni, hutumia lita 3 kwa siku. Hiyo ni chini ya moja ya sita ya ndoo ya lita 20. Maji hayo yaliyotumika bado yaweza kumwagiliwa mchicha au mche wa mpapai. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagia, hupunguza matumizi hata zaidi. Yakiwa ni maji ya lambo yenye matope, yaachwe yatuame na kuchujwa; na yakikusudiwa kuoshea jicho linalouma au ngozi iliyochubuka, yachemshwe na kupoozwa kwanza. Pakiti ya vitambaa, kinyume chake, hununuliwa, huisha, na hununuliwa tena. Kwa kaya inayopima kila shilingi, fedha hiyo ingetosha kununua sabuni ya kipande inayotumika kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo, maji peke yake hayatoshi ikiwa kitambaa cha kujikaushia ni cha kila mtu. Katika nyumba nyingi mama humfuta mtoto mmoja machozi na makamasi kwa ncha ya kanga, kisha kwa ncha ileile humfuta wa pili. Ni tendo la upendo, na hakuna sababu ya kumwaibisha mtu kwa ajili yake. Lakini vijidudu vya macho husafiri kwa njia hiyohiyo, na kwa vidole na nzi pia. Mwanzoni mwa mwaka 2024, Wizara ya Afya ilipotoa tahadhari kuhusu mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, kutoshirikiana vitambaa na taulo ulikuwa miongoni mwa ushauri mkuu kwa wananchi. Ufumbuzi wake hauhitaji duka. Kanga au shuka la pamba lililochakaa laweza kukatwa vipande vidogo, kila mwanafamilia akapewa viwili vyenye alama yake, kimoja kikitumika na kingine kikifuliwa. Kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani hadi kikauke kabisa, na kisining'inizwe kimekunjwa katika bafu lenye unyevu, ambako ukungu na bakteria hustawi.

Matumizi ya kipande hicho ni mepesi. Mikono ioshwe kwanza. Uso uloweshwe, upakwe povu la sabuni isiyo kali kwa ncha za vidole, usuuzwe, kisha ukaushwe kwa kugusagusa bila kusugua. Mara mbili kwa siku zatosha, na mara moja zaidi baada ya kutoka jasho jingi shambani au barabarani. Ngozi kavu ipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato ingali na unyevu kidogo. Mtoto mchanga hahitaji sabuni usoni. Maji safi na kitambaa laini vyamtosha.

Kuna hali moja ambayo kufuta badala ya kuosha huwa hatari ya papo kwa papo, nayo inawahusu hasa watu wa Korogwe. Mkata mkonge hurukiwa na utomvu unaowasha vikali, kwa sababu umebeba fuwele ndogo zenye ncha kali kama sindano pamoja na viambato vinavyochoma ngozi. Mkulima anayepulizia viuatilifu naye hurukiwa na matone. Kitambaa, kiwe cha pakiti au cha mfukoni, huusambaza utomvu au kemikali hiyo na kuisugulia ndani ya ngozi. Uso huo wahitaji maji mengi yatiririkayo, kwa kemikali si chini ya dakika 15, na jicho lililoingiwa lisuuzwe likiwa wazi huku mgonjwa akipelekwa kituo cha afya bila kukawia. Mashamba ya mkonge na vyama vya wakulima hayana budi kuweka maji karibu na mahali pa kazi; pakiti ya vitambaa katika sanduku la huduma ya kwanza haiwezi kuziba pengo hilo.

Haya yote hayamaanishi kwamba vitambaa vyenye unyevu vitupwe nje ya maisha. Mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, msafiri wa basi la usiku, mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho na kuambiwa asitie maji usoni kwa siku kadhaa, muuguzaji aliye na wagonjwa wengi na bomba moja: hao wote hupata msaada wa kweli. Anayetaka kuvijaribu na avijaribu kwa utaratibu. Achague visivyo na manukato wala alikoholi, asome orodha ya viambato, aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, na ahakikishe pakiti haikupasuka wala kukauka. Kabla ya kuvipeleka usoni, afute sehemu moja ndogo ya upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7 hadi 10. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, aache. Pasipotokea kitu, atumie kwa safari na dharura, na afikapo penye maji asuuze uso. Akumbuke pia kwamba mzio huweza kujitokeza baada ya miezi ya matumizi salama, hivyo kitambaa kilichozoeleka hakiondolewi katika orodha ya washukiwa.

Vikishatumika, visitupwe chooni. Vyenye nyuzi za plastiki havioozi upesi. Hujaza shimo la choo na kuziba mabomba. Taifa lililopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019 halina sababu ya kufumbia macho taka ileile ikirudi kwa umbo la kitambaa.

Wajibu wa kurekebisha haya haumwelemei mgonjwa peke yake. Mhudumu wa afya, kuanzia ngazi ya jamii hadi hospitali ya wilaya, aulize kila kitu kinachogusa uso: sabuni, kitambaa, krimu, mafuta ya nywele, dawa za kienyeji. Mgonjwa aombwe kuleta pakiti yenyewe. Vitambaa na vipodozi vipya visimamishwe kwa wiki mbili hadi nne, na matokeo yaandikwe kwenye kadi. Krimu ya steroidi kali isitolewe kwa ajili ya uso kana kwamba ni mafuta ya kawaida. Muuzaji wa duka la dawa muhimu naye ana nafasi ya kukataa kuiuza kiholela. Uso unaovimba hadi macho kufumba, vipele vyenye usaha na homa, au baka lililopoteza hisia, ambalo laweza kuwa dalili ya ukoma, visingojee wiki mbili. Hivyo ni vya kupelekwa mbele mara moja. Kwa ugonjwa usioeleweka, Moshi iko kwenye barabara hiihii ipitayo Korogwe, na katika Hospitali ya KCMC kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwaandaa wataalamu tangu mwaka 1992.

Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usimamizi wa vipodozi mwaka 2019, lingefanya jambo la maana iwapo lingedai orodha ya viambato na onyo la mzio viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mama wa Kwamsisi hawezi kuepuka kitu ambacho jina lake limefichwa chini ya mshono wa pakiti kwa lugha asiyoisoma.

Wahenga walisema, ngozi ivute ingali maji. Tabia ya usafi hufundishwa utotoni, na shule za msingi za Handeni na Korogwe zina nafasi ya kuifundisha kwa kibuyu chirizi, kipande cha sabuni na kitambaa chenye jina la kila mtoto. Mtoto aliyejifunza kwamba kikombe kimoja cha maji huusafisha uso wake hatakuwa rahisi kushawishiwa, atakapokuwa kijana, kwamba usafi huo ni lazima ununuliwe kila wiki.